Reschad Alikwenda Wapi?

Wanafunzi wa tiba wanapofundishwa saratani ya damu iitwayo lukemia ya monositi, hutajiwa "aina ya Schilling". Mimi si tabibu. Nafundisha historia, na desturi yangu ni kuuliza jina limefikaje lilipo. Makala iliyoutambulisha ugonjwa huo ilichapishwa mwaka 1913 katika jarida la kitabibu la Munich, nayo ina waandishi wawili. Wa kwanza ni Reschad, tabibu wa Dola ya Osmania. Victor Schilling ni wa pili.

Hoja yao ilimpita mgonjwa mmoja. Wakati huo monositi ilihesabiwa na wengi kuwa hatua ya mpito tu ya chembechembe nyingine nyeupe za damu. Wao walidai kwamba, ikiwa saratani yaweza kuizalisha peke yake, basi ina ukoo wake. Otto Naegeli wa Zurich alipinga. Mwaka 1976 mfumo wa uainishaji wa Wafaransa, Wamarekani na Waingereza uliwapa wote nafasi: M4 kwa ukoo uliochanganyika, M5 kwa monositi.

Ushahidi ulikuwa jicho, hadubini na tone la damu lililotandazwa kiooni na kupakwa rangi. Monositi ni seli kubwa kuliko zote katika damu ya kawaida; kiini chake kimejikunja mithili ya figo, na kilichokizunguka kina kijivu chenye ubuluu. Ile changa, ya saratani, huwa na kiini cha duara chenye vijiini vinavyoonekana wazi. Katikati yao ipo promonositi, na hapo hata wajuzi hutofautiana. Baadaye kilipatikana kipimo cha kimeng'enya cha esterasi: seli za ukoo huu hushika rangi sana, lakini floridi ikiongezwa, rangi hufifia.

Rangi hizo zinatuhusu pia. Gustav Giemsa, aliyekuwa mfamasia katika Afrika Mashariki ya Wajerumani miaka ya 1890, alitangaza rangi yake mwaka 1904 akiwa kwenye taasisi ya magonjwa ya tropiki ya Hamburg, akiwasaka vimelea wa malaria. Maabara zetu zinaitumia hadi leo. Schilling alifanya kazi katika taasisi hiyo hiyo.

Na Reschad? Sheria ya Uturuki ya mwaka 1934 ilimlazimu kila raia kuwa na jina la ukoo, naye akawa Hasan Reşat Sığındım. Anayemtafuta bila kulijua hilo hukutana na watu wawili, na yule wa 1913 haendi popote.