Lehemu ya Kurithi

Lehemu ya kurithi ni maradhi ya nasaba ambayo kwayo ini, kwa sababu ya hitilafu iliyomo katika jeni, hushindwa kuiondoa damuni lehemu mbaya kwa kadiri ipasayo, hata ikalimbikizana katika kuta za mishipa tangu utotoni na kuuhasiri moyo kabla ya wakati. Humpata takriban mtu 1 katika kila 250, na mtoto wa mzazi mwenye nayo ana uwezekano wa nusu wa kuirithi. Asili yake ilibainishwa na Michael Brown na Joseph Goldstein wa Marekani, waliotunukiwa Nobeli mwaka 1985.

Wembamba wa mwili si kinga. Katika chakula, lililo muhimu kabisa ni kupunguza mafuta yagandayo, yaani samli, siagi, nyama yenye shahamu na, kwa masikitiko ya watu wa pwani, tui zito la nazi, ambalo, ijapokuwa latokana na mmea, lina mafuta ya jinsi hiyo hiyo. Mahali pake huwekwa mafuta ya alizeti, samaki, na hasa kunde, maharagwe na shayiri, ambazo nyuzinyuzi zake hunasa nyongo matumboni na kulilazimu ini kutumia lehemu ya damuni ili kutengeneza nyongo nyingine. Tumbaku huachwa kabisa, na kutembea kila siku kwafaa. Juhudi hizo huteremsha lehemu kwa kiasi tu, ndiyo maana wengi wa wagonjwa huhitaji pia dawa za statini maisha yao yote.