Fahamu asili ya neno "film": Lilikuwa na maana ya utando kabla ya sinema

Ukisikia "film", akilini inakuja muvi: steringi, adui na mapigano ya mwisho. Lakini neno hili la Kiingereza, ambalo ndilo lililotupatia "filamu", ni la zamani kuliko sinema kwa mamia ya miaka. Mwanzoni halikuhusu picha kabisa.

Maana ya kwanza

Katika Kiingereza cha kale liliandikwa "filmen". Maana yake ni utando au ngozi nyembamba, kama ule utando unaokaa juu ya maziwa yaliyochemshwa yakianza kupoa. Hata Shakespeare alilitumia katika tamthilia ya Romeo and Juliet, kama miaka 300 kabla ya sinema, akizungumzia uzi mwembamba mno.

Lilifikaje kwenye picha?

Karne ya 19, wapiga picha walikuwa wakipaka vioo kemikali inayobadilika ikipigwa na mwanga. Tabaka hilo jembamba likaitwa "film".

Mwaka 1889 kampuni ya Mmarekani George Eastman, mwanzilishi wa Kodak, ikaanza kuuza mkanda wa plastiki laini ya seluloidi uliopakwa kemikali hiyo. Jina likahama kutoka kwenye utando hadi mkanda mzima.

Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha picha zinazotembea jijini Paris kwa watu waliolipa kiingilio. Biashara ya sinema ilipokua, jina likahama tena, safari hii hadi kwenye hadithi iliyomo ndani ya mkanda.

Vipi kuhusu "movie" na "cinema"?

"Movie" ni kifupi cha "moving picture", yaani picha inayotembea. Wamarekani walianza kulitumia mwanzoni mwa karne ya 20. "Cinema" linatokana na Kigiriki "kinema", yaani mwendo, na limepitia Kifaransa. Hayo mawili yanataja mwendo. "Film" ndilo linalotaja kitu chenyewe kilichobeba picha.

Wembamba uliogharimu

Na kitu hicho kilikuwa dhaifu kweli. Mikanda ya zamani ilitengenezwa kwa nitrati, ambayo hushika moto haraka, na ikishawaka hata maji hayaizimi kirahisi.

Tarehe 9 Julai 1937 ghala la kampuni ya Fox lililokuwa Little Ferry, New Jersey, liliteketea. Sehemu kubwa ya filamu zake zisizo na sauti ikapotea, na nyingi kati ya hizo hazikuwa na nakala kwingine. Mikanda mingine duniani haikuungua, ilioza tu kwenye makopo yake. Kodak iliacha kutengeneza mikanda ya nitrati mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Jina limebaki, utando umeondoka

Leo muvi nyingi ni mafaili ya kompyuta, lakini bado tunaziita filamu.

Kama nyumbani kuna mkanda wa VHS wa harusi ya wazazi, kumbuka kwamba nao ni utando: chembe za sumaku zilizopakwa juu ya plastiki. Joto, unyevu na ukungu huuharibu taratibu. Uhamishie kwenye kompyuta ungali unacheza, na uweke nakala zaidi ya moja.