Waya wa Bodi: Historia Fupi ya Istilahi za Hitilafu za Umeme wa Magari

Makala hii inahusu neno moja ambalo sisi wenyewe tulilitafsiri vibaya, na hasara iliyofuata. Miaka kadhaa iliyopita tuliombwa kufasiri kurasa chache za kitabu cha ufundi cha gari la Kiingereza aina ya MGB, lililokuwa limelala kwa muda mrefu katika banda moja mjini Lindi. Mwenyewe alilipeleka Kitomanga, katika barabara itokayo Kilwa kwenda Lindi, kwa kuwa huko alikuwako fundi mzee aliyekuwa ameshughulikia Land Rover maisha yake yote. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Ingawa MGB ni gari dogo la viti viwili na Land Rover ni gari la shamba na porini, vyombo vya umeme vya yote mawili vilitoka katika kampuni moja, yaani Lucas ya Birmingham, na rangi za nyaya zake ni zile zile. (Wapo wanaoliita gari la namna hiyo "gari la michezo". Sisi hatulipendi jina hilo, kwani msomaji hudhani ni gari la kubebea wachezaji wa mpira.)

Katika Kiingereza, waya unaounganisha betri na chuma cha gari huitwa kwa neno lile lile la udongo. Sisi tukaandika "waya wa ardhi", tukaridhika. Sentensi ya asili ilisema kwamba waya huo uungwe mwisho, wala haikusema katika ncha ipi ya betri, kwa sababu mwandishi wake alidhani kila fundi anajua. Fundi wa Kitomanga aliposoma "ardhi" aliona kwamba hilo haliwezi kuwa udongo wa chini ya miguu yake, maana gari husimama juu ya mipira. Akachukulia kuwa ni ncha hasi, kama ilivyo katika magari yote anayoletewa siku hizi.

Hapo ndipo historia inapoingia. Kuanzia miaka ya 1930 magari mengi ya Uingereza yaliunganisha bodi na ncha chanya ya betri, na hoja mojawapo iliyotolewa ilikuwa kwamba mpango huo hupunguza kuliwa kwa metali. Land Rover zilizotolewa tangu 1948 zilifuata mpango huo, na vivyo hivyo MGB tangu 1962. Mnamo 1967 aina zote mbili ziligeuzwa, bodi ikawa hasi. Gari la Lindi lilikuwa la kabla ya mabadiliko hayo. Betri mpya ilifungwa kinyume, na taa zote zikawaka vizuri, kwani balbu haichagui moto unaingilia upande gani. Taa hizo ndizo zilizomdanganya fundi. Injini ilipowashwa, dinamo na betri zikashindana badala ya kusaidiana, na kisanduku cha kudhibiti chaji kikaungua. Alipotuuliza kosa ni la nani, hatukuwa na jibu ila kwamba ni letu.

Tulikwenda Kitomanga kuomba radhi, tukakaa siku mbili tukimsikiliza akifanya kazi. Tuliyoyasikia yalitufanya tuitazame upya orodha yetu ya istilahi.

Majina ya vyombo karibu yote yamekopwa: betri, waya, swichi, fyuzi, balbu, dinamo, koili, plagi. Hayo yaliingia pamoja na vyombo vyenyewe, kupitia karakana za serikali, jeshi, mashamba ya mkonge ya Lindi, na mradi wa karanga wa Nachingwea wa miaka ya 1947 hadi 1951, ulioleta kusini matrekta na malori mengi. Hata umeme wenyewe uliwahi kuitwa kwa jina la mkopo, "stimu", lililotokana na neno la Kiingereza la mvuke, kabla neno letu la radi na mianga ya mvua halijachukua nafasi yake. Nchini Kenya "stima" ingali hai vinywani mwa watu.

Lakini majina ya maradhi ya vyombo hivyo hayakukopwa. Fundi husema waya umekatika, umegusana, umelegea, umechubuka, umelika. Tuliyoyazoea kwa Kiingereza kama nomino ndefu, yeye huyataja kwa kitenzi kimoja, na kiambishi cha kitenzi hicho ndicho kinachobeba uchunguzi. Waya uliokatika hauna moto ng'ambo ya pili. Waya uliogusana na bodi una moto, ila moto huo umepata njia ya mkato, na fyuzi hukata. Waya uliolegea au kuliwa na kutu hupitisha moto kidogo, taa ikafifia. Hayo ni makundi matatu ya hitilafu, na kila moja linahitaji kipimo chake. "Shoti" pekee ndiyo iliyokopwa katika kundi hili, nayo imekwisha kuwa mwenyeji, hatuoni sababu ya kuifukuza.

Kwa mfano, upande wa kushoto wa nyuma wa MGB ile, kila taa ya kuashiria ilipowashwa, taa ndogo iliyo kando yake ilikonyeza nayo. Mwanafunzi wa fundi alitaka kubadilisha swichi. Mzee akamzuia: "Usimguse huyo, mwanangu. Moto umefika, umekosa pa kurudia." Alifungua taa, akakwangua kutu chini ya skrubu inayoishikilia kwenye bodi, na ukonyezaji ukakoma. Katika pwani yenye hewa ya chumvi, ugonjwa huo ni wa kila siku, na hushika hasa vile viunganisho vidogo vyenye umbo la risasi ya bunduki, ambavyo hugeuka kijani ndani ya mipira yake.

Kwa kazi nyingine zote alitumia balbu moja yenye nyaya mbili, mmoja akiugusisha bodi na mwingine akiufuatisha njia ya moto kutoka betri. Rangi zilimwongoza: kahawia ni moto wa moja kwa moja, nyeupe ni ule uliopita swichi ya ufunguo, kijani ni huo huo ukisha kupita fyuzi, nyekundu ni taa ndogo na za nyuma, buluu ni taa kubwa, yenye mstari mweupe kwa mwanga mkali na mwekundu kwa mwanga wa chini, nyeusi ni bodi. Gari lile lina fyuzi mbili tu, na taa kubwa hazipiti katika fyuzi yoyote, kwa hiyo shoti ya huko huunguza waya wenyewe. Hilo halikuwamo katika kurasa tulizozitafsiri, nasi tusingalijua kuliongeza.

Tulirudi na neno "bodi", ambalo fundi alikuwa akilitumia tangu mwanzo na ambalo hatukumwuliza. Halidai kwamba gari limezikwa ardhini, wala halisemi ncha ni chanya au hasi, na kwa hiyo humlazimisha mfasiri kulitaja hilo waziwazi. Katika mitambo ya majumbani, ambako waya hufukiwa kweli, "ardhi" ibaki. Sentensi yetu sasa inasomeka hivi: "Katika gari hili, lililotengenezwa kabla ya mabadiliko ya 1967, waya wa bodi huungwa kwenye ncha chanya ya betri, nao huungwa mwisho." Ni ndefu maradufu kuliko ile ya Kiingereza. Fundi aliisoma mara mbili, kisha akachukua rangi nyekundu na kuchora alama ya kujumlisha kwenye chuma, nyuma ya viti, mahali betri inapokaa.