Biashara Nayo Ina Kungwi Wake

Katika kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu hapa Chole, hatuna budi kukumbuka tulikotoka.

Sisi wa Uzaramo tunajua tangu enzi za bibi zetu kwamba mwali haachwi ajifunze peke yake. Akivunja ungo huwekwa ndani, kungwi akamfunda, ili siku ya kutolewa nje kwa ngoma awe anajua la kufanya. Ajabu ni kwamba tulipoanza biashara tulijiacha bila kungwi. Tulidhani fedha peke yake yatosha.

Mwaka wa kwanza tuliweka, tukakopeshana, basi. Mwenzetu mmoja alichukua mkopo, akanunua mihogo mashambani, akaipeleka Dar es Salaam. Aliuza yote, akarudi anacheka. Tulipokaa kuhesabu, kumbe nauli, ushuru wa soko na ujira wa wapagazi vimekula faida na sehemu ya mtaji! Deni likabaki. Akaanza kutukwepa njiani, nasi tukaanza kunong'ona. Kikundi kilikaribia kuvunjika.

Aliyetuokoa ni mama mtu mzima miongoni mwetu, muuza mihogo wa miaka mingi. Hakumpa fedha. Alifuatana naye sokoni mara tatu, akamwonyesha kuuliza bei kabla ya kununua, kuandika kila senti, na kutochanganya mtaji na fedha ya mboga. Deni lililipwa lote. Tangu hapo tukaweka sharti: kila anayekopa mara ya kwanza apewe kungwi wake.

Kumbe hatukuwa wa kwanza kuliona hili. Mwaka 1991 shirika la CARE lilianzisha vikundi vya wanawake huko Maradi, nchini Niger. Halikuwaletea wale mama mtaji. Fedha zilikuwa zao wenyewe. Liliwaletea walimu wa kuwafundisha kuweka, kukopeshana na kutunza hesabu, kisha vikundi vikajisimamia. VICOBA vyetu vya Tanzania vina asili huko.

Basi, akina mama, wahenga walinena kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ada ya ulimwengu ni ghali. Miaka kumi ijayo tusihesabu fedha za sandukuni tu. Tuhesabu na waliofundwa. Kila mmoja wetu amshike mkono mwenziwe, mpaka huyo naye awe kungwi.