Bedlam: hospitali iliyozaa jina la vurugu

Katika Kiingereza, bedlam ni vurumai iliyopita kiasi: makelele, msukumano, kila mtu na lake. Bunge likizomeana hadi spika asisikike, magazeti ya Uingereza huandika kwamba ukumbini kulikuwa na bedlam. Asili yake ni jina la mji aliozaliwa Yesu.

Mwaka 1247 Simon FitzMary, tajiri wa London, alitoa kiwanja chake huko Bishopsgate ijengwe nyumba ya watawa ya Mtakatifu Maria wa Bethlehemu, ya kukusanyia sadaka za kanisa la Bethlehemu. Wenyeji walilikata jina hilo likawa Bethlem, kisha Bedlam. Wakaguzi waliofika mwaka 1403 walikuta humo wanaume sita waliorukwa na akili, na tangu hapo wagonjwa wa aina hiyo ndio walioitambulisha nyumba hiyo. Mwaka 1547 Mfalme Henry wa Nane aliikabidhi kwa Jiji la London.

Mwaka 1676 hospitali ilihamia Moorfields, katika jengo lililosanifiwa na Robert Hooke. Kwa nje lilifanana na kasri. Juu ya lango zililazwa sanamu mbili za mawe, moja ya mtu aliyezama katika huzuni, nyingine ya kichaa mwenye minyororo. Watu wa mjini waliingia kuwatazama wagonjwa kama tamasha, wakitia sarafu katika sanduku la sadaka, na wakuu wa hospitali walizihitaji fedha hizo. Wengine waliwachokoza wagonjwa makusudi ili wapige kelele. Kwa hiyo sehemu ya zogo lililoipa nyumba hiyo sifa mbaya ililetwa na watazamaji wenyewe. Ni mwaka 1770 tu ndipo ilipoamriwa kuwa haingii mtu bila kibali.

Kufikia hapo neno lilikwisha kutoka nje ya kuta zake. Tangu karne ya 17 Waingereza walikuwa wakiita bedlam ghasia yoyote, na herufi kubwa ya mwanzo ikaanguka. Tanzania nayo hutania kwa jina la hospitali: anayefanya mambo ya ajabu huambiwa apelekwe Mirembe, Dodoma. Ila Mirembe imebaki jina la mahali, haijawa neno la fujo.

Mwaka 1814 wageni waliofika kuikagua Bedlam walimkuta James Norris, baharia wa Kimarekani, amevishwa pete ya chuma shingoni iliyounganishwa kwa mnyororo mfupi na nguzo ya chuma, mwili na mikono vimebanwa kwa mikanda ya chuma. Alikuwa katika hali hiyo kwa miaka mingi. Mchoro wake ulienea, na mwaka 1815 kamati ya Bunge ikaanza kuwahoji wakuu wa hospitali. Mwaka huohuo wagonjwa walihamishiwa Southwark, na mwaka 1930 wakapelekwa Beckenham, ambako hospitali inaendelea kutibu kwa jina la Bethlem. Jengo la Southwark ni makumbusho ya vita tangu 1936.