Muuguzi Aliyemfuata Mtoto Nyumbani

Wanaoandika historia ya tiba ya watoto wenye ulemavu na maradhi ya kudumu aghalabu huanzia hospitalini, wakataja mabingwa wa upasuaji na siku za kufunguliwa kwa majumba yao, kana kwamba mtoto huzaliwa na kukulia wodini. Wala mimi sina nia ya kuwanyang'anya mabingwa hao sifa yao. Walakini mtoto aliyenyooshwa mguu kwa kisu hurudi kwao, na huko kwao, juu ya ngazi zenye giza, mikononi mwa mama mwenye watoto wengine watano wa kulishwa, ndiko mguu unakopona au unakopinda upya. Historia ya huko nyumbani ni historia ya wauguzi, na nchi iliyoiandika katika sheria zake hatua kwa hatua, mara kwa fahari na mara kwa aibu, ni Marekani.

Mwanzo wake ni mtaa wa maskini. Upande wa kusini-mashariki wa kisiwa cha Manhattan, katika mji wa New York, walisongamana mwishoni mwa karne ya 19 wahajiri waliotoka Urusi, Poland na Italia, wakapanga vyumba katika majumba marefu ambamo dirisha lilikuwa rehema na choo kimoja kilitumiwa na aila nyingi. Mwezi wa Machi 1893 Lillian Wald, muuguzi aliyehitimu miaka miwili kabla na ambaye wakati ule alikuwa akisomea utabibu, alikuwa akiwafundisha wanawake wa mtaa huo namna ya kumhudumia mgonjwa nyumbani, pale alipotokea binti mdogo akamwomba aende kumtazama mama yake. Alimkuta mama huyo amelala kitandani penye damu, amejifungua siku mbili zilizopita na hana wa kumwangalia. Wald aliacha masomo ya utabibu, akahamia mtaani pamoja na mwenzake Mary Brewster, ili wakae jirani na wagonjwa wao badala ya kuwajia kama wageni. Na mwaka 1895 tajiri Jacob Schiff akawapatia nyumba nambari 265 ya Mtaa wa Henry, nyumba ambayo ingali imesimama mpaka leo.

Kilichowatofautisha wanawake hawa na watoa sadaka wa zama zao ni taratibu mbili. Kwanza, mwenye uwezo alitoa ada ndogo na asiye nacho hakutozwa kitu, hivi kwamba hakuna aliyefunguliwa mlango kwa kudhalilishwa. Pili, jirani yeyote aliweza kumwita muuguzi bila ya kungoja barua ya daktari, jambo ambalo madaktari wengi hawakulipenda. Wald aliwaita watumishi wa namna hii wauguzi wa afya ya jamii, na kufikia mwaka 1913 nyumba yake ilikuwa na wauguzi 92, waliokwenda kwa wagonjwa mara 200,000 kwa mwaka. Haikuwa kazi nyepesi: ili kuokoa muda, wauguzi walikuwa wakipita juu ya mapaa kutoka jumba hadi jumba, badala ya kushuka ghorofa tano na kupanda nyingine tano.

Mtoto aliingia katika hesabu zao kwa njia ya shule. Palikuwa na mvulana wa miaka 12 ambaye hakupata kusoma hata siku moja, kwa kuwa kila alipofika shuleni alirudishwa kwa sababu ya vidonda vya kichwani; Wald alimtibu kwa dawa ya kupaka na kumwangalia mpaka akapokewa, na furaha ya mama yake haikuwa ndogo. Tangu mwaka 1897 serikali ya mji ilikuwa imewaajiri madaktari wa kukagua shule, nao wakafanya kazi kwa bidii ya kupindukia: waliona vikope, upele, chawa, mashilingi ya kichwani, wakawaondoa watoto darasani kwa maelfu, na baada ya hapo hapakuwa na mtu mwenye dhamana ya kumtibu aliyeondolewa. Mtoto alicheza barabarani na wenzake wale wale aliotengwa nao asubuhi. Yumkini hakuna mfano ulio dhahiri zaidi wa ukaguzi unaojiona kuwa ni tiba.

Wald alijitolea kumwazima mji muuguzi mmoja kwa muda wa mwezi mmoja ili jambo hilo lijaribiwe, akamtoa Lina Rogers, aliyeanza kazi Oktoba 1902 katika shule nne zenye wanafunzi wapatao 10,000. Rogers alitibu shuleni yale yaliyotibika kwa sabuni, pamba na dawa ya kupaka, na jioni akafuata nyumbani wale ambao ugonjwa wao ulihitaji maelezo kwa mama. Kabla ya mwaka kwisha mji uliajiri wauguzi wengine. Na watoto walioondolewa darasani, waliokuwa 10,567 mwezi wa Septemba 1902, walikuwa 1,101 mwezi wa Septemba 1903. Sijui kama pamepata kutokea tena katika utumishi wa serikali jaribio la mwezi mmoja lenye faida kama hiyo kwa gharama ndogo hivyo.

Katika mtaa huo huo mwalimu Elizabeth Farrell, aliyekaa katika nyumba ile ile ya Wald kama mmoja wa wakazi, alikuwa ameanzisha mwaka 1899 darasa la watoto walioshindwa kwenda sambamba na wenzao: wengine wenye akili nzito, wengine waliochelewa kwa maradhi, wengine watukutu tu. Mwaka 1922 Farrell alikuwa miongoni mwa waliounda baraza la walimu wa watoto wenye mahitaji maalumu, naye akawa rais wake wa kwanza. Ninamtaja kwa sababu ujirani huu wa mwalimu na muuguzi ulikuwa na tija ambayo wizara zilizotenganishwa kwa kuta na bajeti hazikuweza baadaye kuirudisha kwa urahisi.

Mambo ya mtaani yalipanda hadi Washington polepole. Wald na rafiki yake Florence Kelley walitoa mwaka 1903 shauri la kuundwa idara ya serikali kuu itakayowashughulikia watoto, na ilichukua miaka tisa ya kubembeleza wabunge mpaka Rais Taft alipotia saini Aprili 1912, akamteua Julia Lathrop kuwa mkuu wa kwanza. Mwaka 1921 ikapitishwa sheria ya Sheppard-Towner, iliyowapa majimbo fedha za kuwahudumia akina mama na watoto wachanga. Na kwa muda wa miaka saba hivi wauguzi walikwenda majumbani zaidi ya mara milioni 3. Lakini chama cha madaktari cha nchi hiyo kiliishupalia sheria hiyo, kikaiita mpango wa kijamaa, na mwaka 1929 Bunge likaiacha ife. Wauguzi wa vijijini waliokuwa wameanza kufahamiana na familia walifunga madaftari yao.

Lakini watoto wenyewe hawakuondoka, na hasa watoto wenye viungo vilivyopinda. Jimbo la Minnesota lilikuwa limetangulia tangu mwaka 1897 kuidhinisha hospitali ya serikali kwa ajili ya watoto hao. Na katika jimbo la Ohio mfanyabiashara Edgar Allen, aliyefiwa na mwanawe katika ajali ya treni ya barabarani mwaka 1907, aliitoa mali yake na nguvu zake kujenga hospitali mjini Elyria, kisha mwaka 1919 akaunda chama cha kuwatetea watoto wenye ulemavu. Kadiri vyama hivyo vilivyoenea ndivyo ilivyobainika aibu iliyokuwa imefichwa: hakuna aliyejua watoto hao ni wangapi wala wako wapi. Wengine walifichwa vyumbani na wazazi wao kwa haya, au kwa kuamini kwamba lililotokea ni adhabu isiyoondoleka, fikra ambayo msomaji wa pwani yetu hana haja ya kusafiri mbali kuijua.

Kwa hiyo sheria ya hifadhi ya jamii, iliyotiwa saini na Rais Roosevelt tarehe 14 Agosti 1935, ilipotenga dola 2,850,000 kwa mwaka kwa ajili ya watoto wenye ulemavu, haikuanza na upasuaji. Ilianza na kuwatafuta. Majimbo yaliyotaka fedha hizo yalipaswa kuonyesha jinsi yatakavyowagundua watoto, kisha kuwapima, kisha kuwatibu na kuwapasua, kisha kuwaangalia baada ya kutoka hospitalini. Roosevelt mwenyewe hakuweza kutembea bila ya vyuma miguuni tangu alipopooza mwaka 1921, ingawa aliificha hali hiyo mbele ya wapiga picha. Walioiandika sehemu ile ya sheria, hata hivyo, walikuwa wanawake wa idara ya watoto, Katharine Lenroot na daktari Martha Eliot, pamoja na Grace Abbott aliyekuwa mkuu wao kabla.

Hapa ndipo kazi ya muuguzi ilipopata umbo lake kamili, na inafaa kuieleza taratibu. Muuguzi wa wilaya alipita shuleni, kwa wakunga, kwa mapadri na kwa wenye maduka akiuliza nani ana mtoto asiyeonekana. Alipompata aliandika jina katika daftari la jimbo, akakaa na baba na mama mpaka wakaridhia mtoto apimwe, maana idhini haikupatikana kwa siku moja; akapanga usafiri wa kwenda kliniki ya muda ambayo mabingwa waliifungua mara chache kwa mwaka katika mji mdogo wa karibu, katika ukumbi wa kanisa au shule. Siku ya kliniki yeye ndiye aliyemweleza daktari kwamba nyumba ile haina maji ya bomba na kwamba plasta haitasalimika. Na baada ya upasuaji yeye ndiye aliyetazama kama vidole vya mguu vimekuwa baridi, kama vyuma vimekuwa vifupi kwa kuwa mtoto amerefuka, kama mazoezi yanafanywa au yameachwa kwa sababu mtoto hulia na mama hawezi kumstahimilia. Daktari bingwa alimwona mtoto kwa dakika chache. Muuguzi alimjua kwa miaka.

Ugonjwa wa polio ulizidisha mzigo huo. Mlipuko wa mwaka 1916 uliwaua watu zaidi ya 2,000 katika mji wa New York pekee, na wengi waliosalimika walibaki na viungo vilivyopooza, wakafungwa magango na plasta kwa miezi ili misuli ipumzike. Mwaka 1940 alifika Marekani Elizabeth Kenny, muuguzi wa maporini kutoka Australia ambaye hakuwa na cheti cha chuo, akasema bila ya kuwaogopa mabingwa kwamba magango hayo yanadhuru: viungo vifunikwe kwa vitambaa vya sufu vya moto, kisha vitembezwe. Nadharia yake ya ugonjwa ilikuwa na makosa, na ulimi wake ulikuwa mkali, lakini mikono yake iliona yale ambayo vitabu havikuyaona, na baada ya miaka michache magango yaliwekwa kando. Aibu nyingine ilikuwa ya rangi. Kituo cha Warm Springs alichokianzisha Roosevelt katika jimbo la Georgia hakikupokea wagonjwa weusi, mpaka ilipobidi mwaka 1941 kifunguliwe kingine kwa ajili yao huko Tuskegee, Alabama.

Chanjo ya Jonas Salk, iliyotangazwa tarehe 12 Aprili 1955, iliondoa hofu ya polio kwa kasi. Na waliodhani daftari la muuguzi litafungwa walikosea. Homa ya baridi yabisi inayoharibu moyo ilikuwa imekwisha kuingia katika mpango ule wa mwaka 1935. Mwaka 1963 jimbo la Massachusetts lilifanya sharti kwamba damu ya kisigino cha kila mtoto mchanga ipimwe kwa njia ya Robert Guthrie, ili wenye ugonjwa wa fenilketonuria wajulikane kabla ubongo haujadhurika. Na tiba yake ni chakula cha kupimwa kila siku, tiba isiyofanyika pengine ila jikoni kwa mama. Miaka ya 1964 na 1965 ugonjwa wa rubela uliwapata waja wazito wengi, wakazaliwa watoto wapatao 20,000 wenye uziwi, mtoto wa jicho au kasoro za moyo. Mfupa na msuli havikuwa tena kipimo cha mtoto anayestahili msaada.

Kisa kilicholibadilisha Bunge ni cha Katie Beckett wa Cedar Rapids, Iowa. Alizaliwa mwaka 1978, akaugua maradhi ya kuvimba kwa ubongo kabla ya kutimiza nusu mwaka, akahitaji mashine ya kupumulia. Bima ya serikali ilikubali kulipa madhali alikuwa hospitalini, bali ilikataa kama angekwenda kwao, ilhali huduma ya nyumbani ingegharimu sehemu ndogo tu ya gharama ya wodi. Kanuni iliwahesabu wazazi wake kuwa na kipato cha kutosha mara tu mtoto avukapo kizingiti cha nyumba yao. Rais Reagan aliutaja upuuzi huo mbele ya waandishi mwezi wa Novemba 1981, na kabla ya Krismasi mtoto alikuwa kwao. Mwaka uliofuata sheria iliruhusu majimbo kulipia watoto wengine wa hali yake. Ninaona ajabu kwamba serikali iliyokuwa ikipunguza fedha za maskini kila upande ndiyo iliyokiri hoja ya Wald, na ilikiri kwa sababu ya hesabu ya dola kuliko kwa sababu ya insafu.

Mwaka 1985 mpango ule wa watoto wenye ulemavu ulioanzishwa na sheria ya 1935 ulibadilishwa jina, ukawa wa watoto wenye mahitaji maalumu ya afya. Mwaka 1987 mganga mkuu wa serikali, C. Everett Koop, alihimiza huduma inayomzunguka mtoto na familia yake mahali wanapoishi. Na mwaka 1989 Bunge likaagiza kwamba kila jimbo litumie angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za afya ya mama na mtoto kwa ajili ya watoto hao. Sharti hilo lingali linafanya kazi. Katika jimbo la Oregon, kwa mfano, wanaolitimiza kwa kwenda majumbani ni wauguzi wa afya ya jamii wa wilaya, na familia haitozwi kitu.