Mguu Uliopigwa Risasi: Tarikhi ya Majeruhi wa Kendu na Karungu

Mtu aliyepigwa risasi mkononi aweza kujikokota mpaka kwa tabibu, na aliyepigwa begani aweza kushikwa kiuno akaongozwa. Lakini aliyepigwa mguuni, hata jeraha lake likiwa si la kuua, amenyang'anywa kile kile ambacho kingemfikisha kwenye dawa. Kwa sababu hiyo tarikhi ya kuuguza jeraha hilo, katika nchi iliyo baina ya Migori na Homa Bay, ni tarikhi ya masafa kabla ya kuwa tarikhi ya dawa.

Mwezi wa Septemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Wadachi (Wajerumani) lilivuka mpaka wa kusini likaingia Kisii. Askari wa jeshi la Kiingereza la K.A.R. (King's African Rifles), chini ya Kapteni Thorne, waliteremka melini Kendu, wakapanda milima kwa miguu, na tarehe 12 wakakutana na adui katika mapigano makali ambamo Thorne mwenyewe aliuawa. Siku zizo hizo meli ya Winifred, iliyokuwa ikipeleka askari Karungu, ilifukuzwa kwa mizinga na Muansa, meli ya Wadachi, nayo Winifred ikarejea baadaye ikifuatana na meli ya Kavirondo. Hivyo Kendu na Karungu, bandari ndogo za wavuvi, ziligeuka milango ya vita.

Na tuitazame hali ya majeruhi wa zama zile. Askari wa K.A.R. walikwenda pekupeku, ilhali wengi wa askari wa Wadachi walichukua bunduki za mtindo wa 1871, zenye risasi pana ya milimita 11. Na wayo wa mwanadamu, uliofumwa kwa mifupa 26, ukigongwa na risasi kama hiyo hautoboki tu, bali husagika, na udongo wa njiani ukazikwa ndani ya nyama. Asiyeweza kukanyaga hubebwa kwa machela, na machela moja hutaka watu wanne, na wanne wengine wa kuwapokea, katika vita ambavyo kila mzigo ulikuwa juu ya kichwa cha mpagazi; nao wapagazi wa Kariakoo (Carrier Corps), Waluo wakiwa wengi miongoni mwao, walikufa kwa maelfu, aghalabu kwa maradhi na uchovu. Mwenye jeraha la mguu, basi, aliuawa na siku za njiani kuliko risasi: damu ilimtoka polepole, nyama iliyokufa ikaoza, na pepopunda, ambayo asili yake ni udongo na samadi, ikamkaza taya.

Elimu ya tiba nayo ilikuwa ikijifunza kwa machozi. Huko Ufaransa matabibu walitambua kwamba jeraha la risasi halishonwi papo hapo: hukatwa nyama iliyokufa, hutolewa uchafu na vipande vya mfupa vilivyolegea, likaoshwa, likaachwa wazi siku kadhaa, ndipo lifungwe. Wataalamu Carrel na Dakin wakatumia maji ya klorini mwaka 1915, na sindano ya kinga ya pepopunda, itokanayo na damu ya farasi, ikaokoa wengi. Wala tusidhani kwamba nchi yetu haikujua upasuaji, maana kwa majirani Wakisii walikuwapo waganga waliofungua fuvu la kichwa na mgonjwa akaishi.

Ama kwa masafa, tiba ilisogea karibu polepole: wamisionari wa Kisabato walikuwa Gendia, jirani na Kendu, tangu 1906, chini ya Carscallen. Na katika miaka ya 1920 Daktari Madgwick akaanzisha hospitali hapo Kendu, karibu na pwani waliyoteremkia watu wa Thorne. Karungu nayo leo ina hospitali ya Mtakatifu Kamili, askari wa Kiitalia aliyepata donda la mguu katika uaskari wake, lisipone mpaka kufa kwake mwaka 1614, naye akachechemea nalo maisha yake yote akiwahudumia wagonjwa.

Lakini hospitali haimfuati majeruhi alipoangukia. Hapo ajuaye amlaze, aubane mguu kwa kitambaa safi palipo na damu bila kulegeza, auinue, aupige gango usitikisike. Asitie majivu wala kinyesi cha ng'ombe, asichokore kuitafuta risasi, na asimwache akanyage. Kisha amchukue, kama walivyochukua wale wa machela. Kwa maana tangu Kendu ya 1914, mguu uliovunjika umeponea kwanza juu ya miguu ya wenziwe.